Televisheni Iliyopona kwa Fundi na Kuugua Nyumbani

Kuna watu wakiona wingu wanafikiria mvua. Mshonaji mmoja, mama wa watoto wawili, akiona wingu alifikiria radi. Alichomoa plagi ya pasi, akachomoa ya televisheni, kisha akazima hata redio ya betri, maana hakuna ajuaye radi inapiga hesabu gani. Chai hujamiminiwa bado, ameshakuambia ina moto. Mtaani walimwita Mama Angalia, kwa sababu neno hilo lilimtangulia kila alikokwenda: angalia ngazi, angalia sindano, angalia huyo mbwa, ameamka vibaya.

Chumba chake cha mbele kilikuwa sebule na karakana kwa pamoja. Cherehani ilikaa dirishani, meza ya kukatia katikati, na ukutani kochi la mama mkwe wake, ambaye nyumba nzima ilimwita Bibi. Mkabala na kochi ilikaa televisheni ya zamani, ya chogo lililotokeza nyuma, nzito kama jiwe la kusagia, imevikwa kitambaa cha kufuma na juu yake ua la plastiki. Bibi alikuwa na tamthilia yake ya jioni. Ikianza, hata aliyetaka kuzimia alisubiri iishe.

Kitu kilichomnyima mama usingizi kuliko radi ni pini. Pini huanguka bila kuaga. Kwa hiyo kila alipomaliza kushona alifagia sakafu kwa sumaku: duara jeusi lenye tundu katikati, limetolewa kwenye spika iliyopasuka. Fundi Miwani, mtengenezaji wa redio na televisheni wa barabara ya pili, ndiye aliyempa, shukrani ya kumtilia suruali viraka. Ukiipitisha sumaku ile sakafuni, pini zilirukia zenyewe, trrr, zikasimama kama manyoya ya paka aliyeona mbwa.

Sumaku na mzigo wake wa pini ilikaa chini ya cherehani, kwenye kopo. Ilikaa hapo kwa amani mpaka kitindamimba alipoanza kutambaa. Mtoto huyo walimwita Trekta, kwa sababu hakuwa anakizunguka kitu, alikipitia. Siku Trekta alipokutwa amekumbatia kopo lile, mama alipiga ukelele majirani wakatoka na ndoo za maji, wakidhani moto.

Wenzangu, pini moja tumboni mwa mtoto si mchezo. Hapo mama alikuwa na haki. Akatazama huku na huku akitafuta mahali pa juu pasipofikiwa na mkono mdogo. Kabati halikuwa na mlango. Dirisha lilikuwa na upepo. Akainua kitambaa cha kufuma, akailaza sumaku juu ya televisheni, nyuma ya ua, akaifunika. Televisheni wakati huo ilikuwa imezimwa. Mama akakung'uta mikono, moyo ukatulia. Hakujua kwamba tahadhari ya mtu mwoga nayo inataka kutahadhariwa.

Jioni Bibi akakaa kwenye kochi, tamthilia ikaanza.

"Jamani," Bibi akasema, "huyu kijana ana nini? Jana alikuwa anachumbia, leo amekuwa chura."

Kweli. Upande wa juu wa kioo ulikuwa umeingia zambarau, chini yake kijani, na mchumba wa watu alikuwa na paji la kijani na kidevu cha waridi. Alipomsogelea mchumba wake, naye akawa kijani.

"Ugonjwa unaambukiza," Bibi akasema.

Macho ya mama yakaenda moja kwa moja kwa binti yake mkubwa.

Binti huyu walimwita Bisibisi, kwa sababu kifaa hicho kilikaa mfukoni mwake kama kalamu inavyokaa mfukoni mwa karani. Alikuwa amemaliza shule na kupata nafasi katika chuo cha ufundi wa umeme, mji mwingine. Siku si nyingi nyuma aliifungua redio aisafishe, akaifunga, ikaimba vizuri, ila mezani zikabaki skrubu mbili. "Redio inaimba, mama," alijitetea. "Na skrubu zinalia," mama akajibu. Tangu hapo hakumwamini mbele ya chochote chenye waya.

Chuo kilitaka wanafunzi waje na ovaroli la bluu, na mama alikuwa akilishona mwenyewe. Lilikuwa limekatwa, limebanwa pini mabegani na kwenye pindo. Kwa mdomo alishasema, "Ndiyo, utakwenda." Kwa moyo alikuwa hajamaliza kusema. Kila siku alipata la kuongeza: mabweni yana ngazi, umeme hauna rafiki, mji ule una magari mengi. Baba wa watoto, dereva wa malori asiyekaa, alikuwa amesema kwa simu, "Mlezi ni wewe. Ukisema aende, aende. Ukisema abaki, abaki." Kwa hiyo ndoto yote ya mtoto ilining'inia kwenye ulimi wa mtu mmoja, na mtu huyo alikuwa Mama Angalia.

"Nitazame nyuma?" Bisibisi akauliza, akainuka.

"Kaa chini! Usiguse hilo chogo!"

Na yeyote anayesoma haya alishike neno hilo: chogo la televisheni halifunguliwi nyumbani. Hata ukichomoa plagi, umeme mkali hubaki umejificha mle ndani, unangoja kidole.

"Najua, mama. Nilitaka kutazama kwa macho, siyo kufungua."

"Macho yako yana mikono," mama akasema.

Asubuhi wakaipeleka televisheni kwa fundi. Ua likawekwa dirishani, kitambaa kikakunjwa, sumaku ikarudishwa kwenye kopo na kopo likatiwa chini ya sufuria kubwa, Trekta asilione. Bisibisi akasukuma mkokoteni, mama akatembea kando akiwaambia wapita njia waangalie.

Fundi Miwani akaiweka mezani, akaiwasha. Picha ikaja safi kama maji ya mtungini. Akaketi akaitazama, akabadilisha stesheni, akaipiga kofi dogo la heshima.

"Mama, mgonjwa wako haumwi. Alitaka matembezi tu."

Wakairudisha. Mama akaitandikia kitambaa, akaiwekea ua, akaiwekea na sumaku yake nyuma ya ua, akafunika. Jioni Bibi akawasha.

"Chura amerudi," akatangaza. "Na kaja na shemeji zake."

Wakaipeleka tena. Kwa fundi ikapona tena. Safari hii Fundi Miwani alivua miwani, akaifuta, akaivaa, akaitazama televisheni kama mtu anayesikiliza uongo wa mtoto.

"Kwangu inapona, kwako inaugua," akasema. "Basi ugonjwa hauko humu ndani, uko nyumbani kwako. Tazama vizuri, mama, kuna mkono unaichezea."

Alisema kwa utani. Lakini utani ukimwingia mtu mwenye wasiwasi, huota mizizi. Mama alirudi njia nzima kimya, hata magari hakuyaambia kitu. Bisibisi akajua mambo yameharibika.

Walipofika, mama alikuwa na pindo la mteja la kumalizia, kwa hiyo sumaku akaitoa kwenye kopo akaiweka karibu na cherehani. Alipomaliza akaketi, akaivuta sumaku mapajani, akalivuta na ovaroli la bluu.

"Njoo hapa."

"Abee, mama."

"Umeigusa?"

"Sijaigusa."

"Fundi anasema kuna mkono."

"Mikono humu ni mingi, mama. Hata Trekta anayo miwili."

"Unanijibu?"

"Umeniuliza."

Bibi akakohoa kwenye kochi. "Mkwe wangu, usimhukumu mtoto kwa sababu ya chura."

"Mama, naomba uniachie hili," mshonaji akamwambia mama mkwe wake kwa heshima, kisha akamgeukia binti. "Mtu anayeshindwa kuiacha televisheni ya bibi yake, nimpeleke akashike mitambo ya watu? Akaguse waya huko, niletewe habari? Huendi."

Akaanza kuchomoa pini kwenye ovaroli. Akichomoa moja, akaisogeza kwenye sumaku, ikarukia, tik. Nyingine, tik. Bega la kushoto likaachia. Bisibisi alisimama akitazama kama mtu anayeng'olewa meno.

"Mama, ovaroli halina kosa."

Tik.

Bibi, kwa kutojua afanye nini, akafanya alilolijua: akawasha televisheni. Picha ikaja. Mchumba alikuwa na uso wa binadamu, mashavu ya binadamu, shati jeupe.

"Ehe!" Bibi akasema. "Leo kaamka na afya."

"Unaona?" mama akamwambia binti, machozi na hasira vikigombania sauti yake. "Leo nimekukalia macho, ndiyo maana nzima!"

 Bisibisi alikuwa akiitazama televisheni, akatazama juu yake, akaona ua halijarudi, kitambaa hakijarudi. Kuna kitu kilianza kumkuna kichwani, lakini hakukijua jina.

Pini zikaisha. Ovaroli likawa vipande vya kitambaa. Mama akalikunja, akainuka na sumaku yake iliyojaa pini, akaelekea kwenye televisheni kuiweka mahali pake pa usalama, Trekta asiifikie.

Hapo ndipo mchumba alipopata matatizo.

Mama alipokaribia, nywele za yule kijana zilivutika upande. Alipopiga hatua nyingine, shavu likawa zambarau, jicho likahamia karibu na sikio. Mama alipoinua mkono kuweka sumaku juu, uso wote wa kijana ulimfuata mkono kama ugali wa moto unavyofuata mwiko.

"Yesu na mitume!" Bibi akapiga kelele. "Rudi nyuma!"

Mama akaruka nyuma kwa hofu. Kijana akarudi mahali pake, nusu amepona.

"Songa mbele!" Bisibisi akasema.

"Nisonge au nirudi?"

"Songa!"

Akasonga. Kijana akapinda.

"Rudi!"

Akarudi. Kijana akanyooka. Trekta, aliyekuwa chini ya meza, akapiga makofi. Hakuwahi kumwona mama yake akicheza.

"Ni wewe," Bibi akasema polepole, kidole kikimwelekea mkwe wake. "Mkono ni wako."

Mama akaitazama sumaku mkononi kana kwamba imemtukana. "Hii? Hii ya pini? Lakini haijaigusa!"

"Haihitaji kugusa," Bisibisi akasema. Akaichukua, akaogopa kucheka, akakaa kwenye ukingo wa meza. "Mama, cherehani ikiwa imesimama, halafu mtu akausukuma mkono wako, mshono unapinda?"

"Mshono gani, na imesimama?"

"Na ikiwa inakimbia?"

"Inapinda, bila shaka. Inakwenda kando. Ndiyo maana namwambia Trekta asinisukume."

"Basi ndivyo. Ndani ya chogo kuna chembe ndogo mno, zina chaji ya umeme, zinarushwa kutoka nyuma kuja kwenye kioo. Kila moja ina nukta yake ya kugonga: ya nyekundu, ya kijani, ya bluu. Sumaku ikikuta chembe ya namna hiyo imetulia, haina habari nayo. Ikiikuta inakimbia, inaisukuma. Na haiisukumi mbele wala nyuma, inaisukuma ubavuni. Iliyokuwa inakwenda kwenye nyekundu inaangukia kwenye kijani."

"Kama mgeni wa harusi aliyeingia msibani," Bibi akasema.

"Kabisa, Bibi. Tazama, nikiigeuza chini juu..." Akaigeuza sumaku, akaisogeza karibu na kioo mara moja. Palipokuwa zambarau pakawa kijani, palipokuwa kijani pakawa zambarau. "Inasukuma upande wa pili. Sumaku ikiwa kubwa sana, chembe inapindishwa, inapindishwa, mpaka inazunguka duara na kurudi ilikotoka."

Bibi akacheka hadi akashika mbavu. "Kama mama yako na safari zako! Ukitulia hana neno na wewe. Ukipiga hatua tu, anakusukuma ubavuni."

Mama hakucheka. Mtu aliyekosea mbele ya mama mkwe hutafuta mlango wa kutokea, naye akauona: Bisibisi alikuwa ameipeleka sumaku chumba cha nyuma, lakini kwenye kona ya kioo doa la zambarau lilikuwa bado lipo.

"Haya, sumaku haipo. Doa hilo limetoka wapi? Si nilisema?"

"Nyuma ya kioo kuna bati lenye matundu. Limekunywa sumaku kidogo. Televisheni ikizimwa ikapoa kabisa, ikiwashwa inajisafisha yenyewe. Kwa fundi ilipona kwa sababu ilipoa njiani, na sumaku tuliiacha nyumbani. Tuizime mpaka asubuhi."

"Mnanizimia mtu akiwa ameshikwa mkono?" Bibi akalalamika.

"Na isipopona?" mama akauliza.

Bisibisi akatazama vipande vya bluu mezani. 

"Isipopona, siendi. Wala sitakuomba tena."

Ikazimwa. Usiku ule kila mtu alilala kama anayengoja majibu ya mtihani.

Asubuhi Bibi alikuwa wa kwanza kwenye kochi, kajifunga kilemba kama anakwenda kwenye shughuli. Mama alisimama nyuma yake amemkumbatia Trekta, na moyoni hakujua anaombea nini. Doa likibaki, mtoto atabaki nyumbani, salama, pembeni ya cherehani. Doa likitoka, mtoto atatoka. Alijikuta anatazama mgongo wa Bisibisi, mabega yameinuka kwa hofu, mabega yaleyale aliyoyapima kwa tepu, na akajua anaombea nini.

Bisibisi akabonyeza. Ndani ya chogo kukasikika mngurumo mfupi, ngwuuum. Picha ikaja: msomaji wa habari, uso wa kahawia, tai nyekundu. Kwenye kona palibaki kidoa kidogo kama kidole cha mguu.

"Kimebaki," Bisibisi akasema.

"Ipe nafasi," mama akasema kabla hajajua kwamba amesema. "Izime ipoe tena. Hata doa la mafuta halitoki kwa kufua mara moja."

Wakaizima. Mama akaenda kukikunja kitambaa cha kufuma, akakikunjua, akaifuta meza, akaifuta tena. Ilipokwisha kupoa Bisibisi akaiwasha. Ngwuuum. Kona ikawa safi.

Bibi akapiga kigelegele kilichomwamsha jirani. Bisibisi hakuruka wala hakusema "nilikuambia." Alisimama tu, mikono nyuma. Mama naye hakusema samahani. Wazazi wengine neno hilo limewakaa kooni kama mwiba wa samaki. Aliivua tepu shingoni.

"Simama wima, nikupime."

"Ulishanipima, mama."

"Mtu hubadilika. Simama."

Akapima bega hadi bega, akapima mkono, akapima kiuno, na vipimo vilikuwa vilevile. Akalitandaza ovaroli, akaanza kurudisha pini moja baada ya nyingine. Alipofika kwenye mfuko wa kifua akauongeza kina, bisibisi isije ikaanguka ikamchoma mtu mguu.

Fundi Miwani alipopita kusalimia na kuelezwa, alicheka mpaka miwani ikamwangukia kikombeni.

"Kumbe sumaku ni ile niliyokupa mimi! Ugonjwa niliutoa dukani kwangu!"

"Ndiyo mkono uliousema," mama akamjibu. "Angalia, hiyo chai ina moto."

Basi, wenzangu mnaoshona, sumaku ya pini itundikeni juu kabisa mtoto asiifikie, lakini mbali na televisheni. Na jambo likiharibika nyumbani, kabla hujamtazama mtoto, tazama kwanza ulichokiweka wewe mwenyewe kwa nia njema.

Siku ya safari Bisibisi alisimama mlangoni na begi lake, ovaroli limekunjwa juu kabisa. Akawaaga, akashika njia ya kwenda barabarani.

"Angalia barabara!" mama akaita.

Bisibisi akageuka. "Ndiyo, mama."

Akapiga hatua chache.

"Usiguse waya kwa mkono wenye maji!"

Akageuka tena, akarudi kidogo. "Ndiyo, mama."

"Na ngazi za bweni—"

Bisibisi alikuwa sasa anatembea kiubavuubavu, uso huku, miguu kule, na njia yake ilikuwa imeanza kupinda kuelekea mlangoni.

"Mwache, mwanamke!" Bibi akasema kutoka kwenye kochi. "Kila ukiita anapinda. Ukiendelea hivyo atazunguka duara, tutakula naye chakula cha jioni!"

Mama akafungua kinywa. Alikuwa na la ngazi, na la mbwa, na la maji ya kunywa. Akaishika ncha ya tepu iliyoning'inia shingoni, akaitia kinywani, akaiuma.

Bisibisi akangoja. Hakikuja kitu. Akapunga mkono, akageuza uso mbele, akaenda, njia yake ikanyooka kama mshono wa mtu asiyesukumwa, mpaka bluu ya ovaroli juu ya begi ikapotea kwenye kona.

Tepu ile mama anayo bado, na kwenye sentimita za mwanzo kuna alama za meno. Wateja wakimuuliza, anawaambia ni Trekta.